Beseni la Sungura

Jumatano

Si sungura. Naandika hapa kwa sababu kwa mdomo nimeshindwa.

Wale wawili walishajifunza. Niliweka nyasi zenye mkojo wao ndani ya beseni pale pembeni, na sasa hukojoa humo tu. Aliyelowesha zulia leo ni mimi.

Kemunto, mke wa mwanangu, alilisugua bila kuniangalia. "Tata, hawa wanyama wako hawafundishiki. Kesho nawapeleka soko la Marani."

Baba mkwe hamtajii mkamwana mambo ya mwili wake. Ndivyo tulivyolelewa.

Sina siku nyingi za kuishi, na hao sungura ndio wenzangu mchana kutwa. Lakini kumwambia…

Wakishaondoka, zulia litaloa tena, na hatakuwapo wa kusingiziwa.