Watu wa Risasi Hawajakimbia, Baba

Baba yangu uliyelala,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijazoea kuanza neno na wewe bila shikamoo, na sitaanza leo. Nimekaa kwenye meza yako, cherehani yako iko mbele yangu, na mlango wa duka uko wazi. Barua hii nikiimaliza nitaibandika kwenye mlango huo huo, kwa herufi kubwa za chuo cha Kurani, ili kila apitaye aisome. Nataka Ami, ndugu yako, aisome kabla ya wote, kwa sababu yeye ndiye aliyetangaza mjini kwamba mambo yako yamekwisha. Hayajakwisha.

Unaikumbuka siku ulipoileta meza hii? Yule Mzungu wa shamba la mpira alikuwa anafunga virago kurudi kwao, na vyombo vyake vilipigwa mnada. Wenzako waligombea vitanda na saa ya ukutani. Wewe uliitaka meza tu, kwa kuwa ilikuwa pana na haitikisiki, upate pa kukatia nguo. Ilipita mlangoni kwa ubavu na ikachubua ukuta, na alama ile ipo hadi sasa. Nilipovuta mtoto wa meza nikakuta sanduku la bati, na ndani yake watu wadogo wa risasi, urefu wa kidole, wa kijivu, hawajatiwa rangi yoyote. Chini yao palikuwa na dado za mfupa na karatasi ya Kiingereza.

Nilidhani utawauza. Badala yake ulimsimamisha mmoja kwenye kiganja, ukamgeuza mbele na nyuma kama unavyomgeuza mteja anayepimwa, ukasema huyu hana hata mshono mmoja.

Aliyetusomea karatasi alikuwa yule karani wa forodha, Mrabai aliyesomea misheni, siku alipokuja kupunguziwa suruali. Ulimpa kiti na kahawa. Alisoma akitafsiri, na kadiri alivyoendelea sauti yake ilizidi kushuka. Ulikuwa mchezo wa vita, wa kuchezwa mezani. Upande mmoja askari wa kofia ngumu na bunduki zao. Upande wa pili wenyeji, na mikuki na ngao. Askari akipigwa, mwenye kumchezesha hutupa dado kuona kama ataanguka au atasimama. Mwenyeji akipigwa hukimbia. Yeye hatupiwi dado.

Ulimwambia arudie hapo, akarudia. Ukauliza kama wameeleza kwa nini. Aligeuza karatasi mbele na nyuma, akasema, “Hapana, Fundi. Wameandika tu kwamba wanakimbia.” Alikuwa na jamaa zake Rabai na wengine Ganze, na nilimwona akiwatazama wale wa mikuki.

Wewe uliichukua karatasi, ukaitandaza, ukaikata kwa mkasi mkubwa iwe kiolezo cha kola. Mpaka leo nakatia kola za mashati kwa karatasi hiyo, na Kiingereza chake bado kinasomeka. Kisha ukasema maneno ambayo ndiyo yaliyonifanya niandike leo: “Kwenye meza yangu, mtu hakimbii kabla hajatupiwa dado yake.”

Ndivyo tulivyouanza mchezo, mimi na wewe, hatujui hata jina lake. Sheria tulizitunga wenyewe. Tulipima mwendo kwa ile tepu yako iliyofutika namba za mwanzo, na ilipokuwa shingoni kwa mteja tulipima kwa shibiri, ukagundua kwamba shibiri yangu fupi inanidhulumu, ukaniongezea nyanda mbili, upana wa vidole viwili. Vifuu vya nazi vilikuwa vilima. Kitambaa cha nili kilikuwa mto Sabaki, na asiyesimama kivukoni hakuruhusiwa kuuvuka. Vigurudumu vya uzi vilikuwa kuta. Mteja akiingia haraka haraka tulitandika shuka juu ya vita nzima, nawe ukamwuliza ubavu wake umeongezeka au bado ni ule wa Idi iliyopita.

Kuwatia rangi ndiko kulikotutoa jasho. Risasi ilikuwa na vumbi la kijivu lililoshika mikono, na sisi kila kitu tunakisafisha kwa njia moja: tuliwasugua wote mafuta ya nazi mpaka wakang'aa. Tukawapaka rangi, tukawaanika dirishani, tukangoja. Tuliendelea kungoja. Rangi haikushika wala haikukauka, ikateleza kutoka mabegani hadi miguuni, na askari mmoja mwenye koti la udongo mwekundu akaangukia kanzu ya bwana harusi iliyokuwa imekwisha kupigwa pasi. Nilitaka kulia. Wewe uliutazama ule wekundu kifuani, ukatoa hariri, ukadarizi juu yake ua kubwa ambalo hakuna aliyeliagiza. Bwana harusi alisifiwa mji mzima, na wenzake wakaja kutaka ua kama lile, nawe ukawadarizia bila kueleza lilikotoka.

Baada ya hapo tuliwaosha watu wetu kwa majivu na ndimu, tukawapaka chokaa nyepesi kwanza, ndipo rangi ikakubali. Nili tulikuwa nayo. Manjano yalitoka jikoni, weusi ulitoka kwenye masizi ya taa, na ute wa yai ndio ulioshikanisha. Mswaki uliotafunwa ulipaka mapana, na kijiti changu cha wanja kilichora mishipi na vifungo. Mwisho tuliwapitishia sandarusi iliyoyeyushwa wasichubuke.

Ulinifundisha kumpaka mtu kwa mpango anaovalia nguo. Kwanza ngozi, kisha nguo ya ndani, kisha ya juu, mshipi mwisho. Nilipokimbilia kupaka koti ulinishika mkono, ukaniuliza nimemwona wapi mtu aliyevaa koti kabla ya shati. Wa kwanza niliyemmaliza bila kurekebishwa alikuwa mwenyeji mmoja wa mkuki, nikamvisha kaniki ya nili, nikaikunja kiunoni kama wanavyoikunja wanaoshuka na mahindi kutoka bara. Ulimtazama muda mrefu. “Huyu amevaa, mamangu,” ukasema. Sijapata kusifiwa hivyo tena na mtu yeyote.

Na wasiseme hukumcha Mungu. Ni wewe uliyemwendea Mwalimu wa chuo mwenyewe, kabla hajaambiwa na watu, ukamwuliza kama tunafanya masanamu. Alikuja, akawatazama mmoja mmoja, akasema tusiwatie nyuso, tuwaache hivyo bila macho wala mdomo. Tukafanya hivyo. Kisha Mwalimu akauliza wale wa kilimani wanafanya nini pale, ukamweleza, akavuta kiti, na adhuhuri ikamkuta akikushauri usiuache mto bila mlinzi. Mara nyingi wenye mikuki walishindwa, sitaki kusema uongo. Lakini walishindwa wakiwa wamesimama, na siku waliyoshinda mara ya kwanza ulitoka nje ukamwambia muuza kahawa, ambaye hakujua unazungumzia vita gani.

Homa ilikuchukua wewe kabla ya masika. Sitayarudia ya siku zile, unayajua kuliko mimi. Nitakuambia yaliyofuata.

Ami alikuja baada ya arobaini. Alitaka duka lifungwe na mimi niingie ndani kwake nikae na wanawake wake, kwa heshima, alivyosema. Nilimwambia heshima ninayo hapa na kazi ninayo hapa. Alipoona sitoki, akawageukia watu wa risasi. Alisema ni masanamu; nikamkumbusha kauli ya Mwalimu. Alisema ni mchezo wa watoto. Nikamkumbusha kwamba yeye hushinda barazani kwenye bao hadi jua linazama. Ndipo akasema lililokuwa moyoni.

“Mwanamke mzima kukaa na vidude vya risasi. Watu watasema nini?”

“Watauliza nani ameshinda, Ami.”

Hakucheka. Nikaenda matanga ya jirani, na niliporudi mtoto wa meza alikuwa wazi na sanduku halipo. Ami aliwapa wavuvi wa Mayungu lile sanduku lote, wawayeyushe wawafanye vyubwi vya kuzamishia nyavu zao. Aliniambia mwenyewe, kwa upole, kama mtu aliyemng'oa mwenzake jino bovu. Alisema sasa utapumzika kaburini na mimi nitatulia.

Baba, nilikasirika mpaka nikashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Hukunilea niwe mtu wa kutulizwa. Wale watu niliwajua mmoja mmoja, yule mwenye mguu mfupi uliyemwekea nta asimame, yule wa koti jekundu wa kanzu ya harusi. Nilikaa na meza tupu nikaona ndivyo ilivyoandikwa kwenye ile karatasi: nimepigwa mara moja, na sasa nangojewa nikimbie.

Basi nikaanza kupekua. Ndani ya kopo la vifungo, chini ya cherehani, nikamkuta mmoja, na dado zetu pembeni. Ni yule wa kwanza, wa kaniki ya nili. Mkuki wake ulikuwa umevunjika, nawe ulimweka humo umtafutie mwingine, homa ikakuwahi. Kando yake ulikuwa umekwisha kuweka sindano iliyovunjika tundu, umeikata kwa kipimo chake. Nilielewa ulichokusudia. Nilimpachika hapo hapo mkononi, ikamwenea barabara.

Nilituma salamu Mayungu kwa mke wa mvuvi mmoja, ambaye nguo za Idi za nyumba yake nilizishona mimi. Nilimweleza ninachokitaka na kwa nini. Alikuja mwenyewe, ana kikapu kichwani, na ndani ya kikapu mna vyubwi. Alisema mumewe amenung'unika, naye amemwambia afunge mawe kwenye nyavu kama alivyofunga babake. Nikampimia gauni papo hapo, la mkono mrefu alivyotaka.

Kalibu ya kumiminia risasi nilijua pa kuipata, kwa sababu ulinionyesha mara nyingi jinsi sonara jirani yetu anavyotengeneza pete: huchukua mfupa mweupe wa ngisi, ule laini tunaouokota ufukweni, akaupasua vipande viwili, akaibana pete katikati ukabaki na umbo lake. Nilimbana yule wa kaniki. Niliyeyusha risasi uani kwenye jiko la mkaa, mke wa mvuvi akishika koleo na mimi nikimimina. Wa kwanza alitoka hana kichwa. Wa pili alitoka mzima. Mfupa huungua haraka, kwa hiyo kila baada ya mtu mmoja tulibana mfupa mwingine, na watoto wa mtaa wakawa wanatuletea mifupa kutwa. Safari hii hapakuguswa mafuta ya nazi, usiwe na wasiwasi.

Sasa meza imejaa tena. Nimewavisha upande mmoja nili na upande mmoja udongo mwekundu, na kila mmoja ana sindano iliyovunjika mkononi, kwa maana fundi hakosi sindano zilizovunjika. Nyuso hawana, kama tulivyoahidi. Kofia ngumu hazipo tena. Wote wametoka kwa yule mmoja, yule ambaye karatasi ilisema atakimbia akipigwa mara ya kwanza, na huku na huku amejaa yeye. Mke wa mvuvi hucheza wekundu. Ana haraka mno mtoni na shibiri yake ni ndefu kuliko yangu, nami nimejipa zile nyanda mbili ulizonipa wewe. Wanawake wengine wawili wameanza kuja, wanasema wamekuja kupimwa nguo.

Nimekukumbuka sana leo, Baba. Nimekukumbuka kwa hasira na kwa furaha, sijui ipi imezidi. Yule karani wa forodha alipita asubuhi kuchukua shati. Alisimama hapa mezani, akamwona mtu wa nili amezungukwa na wekundu pande zote, hana pa kwenda. Akaniuliza huyu sasa inakuwaje kwake. Nikaitia dado kwenye kiganja chake, nikamwambia atupe yeye.

Ami amekwisha kusikia. Jana alituma neno kwamba atakuja baada ya sala ya Ijumaa kuwachukua wote, awayeyushe tena, na safari hii atasimama mwenyewe mpaka wa mwisho aishe. Ami, kwa kuwa unasoma hapa mlangoni: karibu. Kiti chako nimekiweka, na kahawa itakuwa tayari. Risasi ukiiyeyusha haiungui, na mimi mifupa ya ngisi ninayo kikapu kizima. Lakini ukiingia utakaa kwanza, utatupa dado kama sote, kwa sababu hii bado ni meza ya kaka yako.

Lala salama, Baba. Mlango sijaufunga.

Ni mimi mwanao, fundi wa duka lako.