Kamera ya Mbio za Baiskeli

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Nansio tu wazima, ila magoti ya babu yako yanamsumbua.

Umeuliza ununue kamera ndogo ipi ya kupigia picha mbio za baiskeli hapo Usagara. Chukua inayovuta picha kwa mbali, usimame mahali ambapo hawatakuona.

Mimi, nilipokuwa msichana mpiga picha wa studio, nilisimama ukingoni kabisa mwa barabara. Aliyekuwa anaongoza akaiona kamera. Akafunga breki, akashuka, akajipangusa vumbi, akasimama wima kando ya baiskeli kama yuko studio.

"Endelea, wanakupita!" nikapiga kelele.

"Piga kwanza, dada."

Akamaliza wa sita. Picha nilimpelekea mwenyewe hadi kwao. Babu yako mpaka leo anasema siku ile alishinda yeye.

Bibi yako