Mguu wa Baba

Kaka yangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini wewe, Wifi na watoto hamjambo, na kwamba kile kikohozi chako kimekuachia usingizi. Sisi huku tu wazima. Mama macho yanamsumbua, ila ulimi bado uko vilevile, kwa hiyo usimwonee huruma sana. Gereji yangu nayo inakwenda, wateja hawakosekani.

Najua utashangaa kuona barua badala ya simu. Simu zako tunazipokea sebuleni, sauti juu, na Baba amekaa palepale. Halafu, niseme tu ukweli, kwenye simu hunipi nafasi. Karatasi huwezi kuikatiza.

Ni habari ya lile gari la umeme ulilomnunulia Baba. Unakumbuka alipokuambia kwamba asubuhi pedali ya breki inazama? Ulipandisha hasira. Ulimwambia umejinyima mengi ili apate gari la maana, na bado hakosi la kulalamikia. Kisha ukaniagiza mimi, fundi wa familia, nikalipime. Nilitoka kazini jioni, nikalizungusha mtaani, nikashuka nalo mteremko wetu, likasimama vizuri kabisa. Nikaingia sebuleni kwa mbwembwe, nikatangaza mbele ya wote, nawe ukiwa kwenye simu, kwamba gari ni zima. Ukasema basi tatizo ni mguu wa Baba, umri umefika, aache kuendesha. Mtu aliyeendesha mabasi maisha yake yote! Wala hakubisha. Aliomba jambo moja tu, kwamba kama haendeshi yeye, basi asiendeshe mtu yeyote. Tulicheka, mimi na wewe, tukasema mzee amesusa kama mtoto.

Gari likabaki uani. Baba akanunua mkongojo, eti kwa ajili ya mguu. Hata hivyo kila jioni aliendelea kulichomeka gari kwenye chaji. Unamjua, ni mtu wa kulaza gari tangi likiwa limejaa, na hilo halina tangi, basi anajaza betri.

Juma lililopita, asubuhi moja, Mama alichelewa kliniki ya macho. Baba alikuwa anaoga. Nikachukua ufunguo kwenye msumari wake, nikampakia Mama, tukaondoka. Pale mteremko unapoanza nikakanyaga breki, na pedali ikaenda hadi chini kama vile nimekanyaga mto wa kulalia. Nikapiga tena na tena, inashika kidogo inaachia. Nikavuta breki ya mkono, tukaparuza ukuta wa shule, tukasimama karibu na geti ambapo watoto walikuwa wanaingia. Mama akatafuta kiatu chake chini ya kiti, akakivaa, ndipo akaniuliza kama na mimi mguu wangu umeshazeeka.

Gari lilivutwa hadi gereji, nikalipiga jeki. Mafuta kwenye kikopo cha breki yalikuwa yameshuka, ila bado hayajafika pale pa kuwasha taa ya onyo. Nikafungua tairi la nyuma, upande wa kushoto. Ndani pote palikuwa na unyevu. Mpira unaozuia mafuta kwenye pistoni ya breki ulikuwa umechanika, mafuta yanatoka taratibu, na hewa imeingia kwenye mabomba. Nimebadilisha mpira na pistoni, nikajaza mafuta mapya, nikatoa hewa kwenye mabomba ya breki ya magurudumu yote manne mpaka pedali ikawa ngumu. Ukuta wa shule nao nimeshaurekebisha.

Lakini kilichonikosesha raha ni kuelewa kwa nini sikuliona siku ile. Gari la umeme ukiinua mguu, mota yenyewe inalipunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye betri. Jioni ile betri ilikuwa nusu, kwa hiyo mota ilifanya kazi yote, breki sikuzigusa sana. Asubuhi, betri imejaa, umeme hauna pa kwenda na mota hailishiki gari. Kazi yote inabaki kwa pedali. Baba alituambia asubuhi, Kaka. Alisema asubuhi, kwa neno hilohilo, na mimi nikaenda kupima jioni.

Nilikwenda kumwomba radhi. Hapo ndipo aliponiambia jambo ambalo amenikataza nisikwambie, na nalivunja agizo lake sasa hivi. Unyevu ule aliuona zamani, kwenye tairi, wiki ileile niliyolipima. Alitaka kutuonyesha. Akakumbuka kwamba mimi nimeshatangaza gari ni zima, na gereji yangu ndiyo kwanza inaanza, na kwamba wewe ukisikia gari lako lina kasoro utaumia, utadhani hukumpa kitu. Akaona bora tuseme yeye amezeeka. Ndiyo maana aliomba lisiendeshwe na mtu. Hakususa. Alikuwa anatulinda, na sisi tunamcheka.

Nimelia, sitakuficha. Mguu ule hauna hata kidonda. Lakini ameutembelea mkongojo muda mrefu mpaka sasa anachechemea kweli, na nikimwambia gari limepona, ananijibu kwamba aliyemwambia aache ni mwanawe mkubwa, si fundi. Ufunguo nimeurudisha kwenye msumari. Kila asubuhi anaupita, anautazama, anakwenda kukaa kibarazani.

Nakuomba, usimpigie kumwomba msamaha. Ukilia ataanza kukubembeleza wewe, na mzigo utarudi kwake. Piga asubuhi. Muulize breki za gari zinashikaje. Atakwambia hajui, haendeshi siku hizi. Basi mwambie akajaribu, kwamba unangoja jibu lake, kwa sababu hakuna mwingine unayemwamini kwa breki. Kisha nyamaza, Kaka. Nyamaza mpaka usikie ufunguo unatoka kwenye msumari.

Mama anakusalimu, anasema usisahau picha za watoto. Nami nawabusu wote.

Ndimi mdogo wako,
Spana