Jina Langu Mlangoni pa Duka la Mikate

Mpendwa Bi Gunvor,

Naomba msaada wako katika safu yako ya ushauri gazetini, na nakuomba mapema unisamehe urefu wa barua hii, maana mtu aliyejizoeza kunyamaza miaka mingi akifungua kinywa hajui pa kukifungia. Mimi ni mzee wa hapa hapa Hedtorp, fundi mstaafu wa kiwanda cha mabomba, mzaliwa wa Hungaria, na tatizo langu ni mjukuu wangu Tuva, msichana wa miaka kumi na saba ambaye ni mzima wa afya, havuti sigara, anasoma vizuri, anampenda bibi yake, na ndiye anayeninyima usingizi.

Mambo yalianza na atlasi. Majira ya baridi yaliyopita alikuja kwetu kusubiri basi, akavuta atlasi yangu ya zamani kutoka kwenye rafu, akaifungua mezani karibu na kikombe changu na kuniuliza, "Babu, nchi hii hapa iko wapi siku hizi?" Nikamwambia haipo, akasema, "Haipo vipi? Nchi nzima inapoteaje?" nami kwa ujinga wangu nikafurahi, nikaanza kumweleza, basi likampita, na lililofuata likampita vilevile, na tangu siku ile rafu yangu ya vitabu vya historia ina mapengo kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza. Alipomaliza vitabu akageukia watu. Akaanza kuhudhuria vikao vya halmashauri ya mji, ambako kuna benchi la wananchi ambalo hakuna mwananchi anayekumbuka lilikaliwa lini, akakaa pale na chupa yake ya kahawa, na diwani mmoja akamfuata kwa huruma akamwonyesha choo kilipo akidhani binti amepotea. Kikao kilichofuata Tuva alisimama akauliza swali kuhusu bajeti ya maktaba, na diwani yuleyule akaomba maji ya kunywa. Nilipohadithiwa nilicheka mpaka machozi, nikajivuna kama jogoo, nisijue kwamba zamu yangu inakuja.

Hapa sina budi kukueleza tabia yangu moja. Unajua kwamba kituoni kwetu karatasi za kura hupangwa mezani waziwazi, kila chama na rundo lake, na jirani aliye nyuma yako anaona mkono wako unakwenda wapi. Basi mimi, tangu nipate uraia, huchukua karatasi moja katika kila rundo, hata la wale wanaotaka reli irudishwe mahali ambapo haikuwahi kuwepo, naingia nazo zote nyuma ya pazia, natia moja kwenye bahasha, na zilizobaki narudi nazo mfukoni nikawashie jiko. Mke wangu Barbro, ambaye ni mzaliwa wa hapa na haogopi kitu ila nyigu, huwaambia wageni, "Mume wangu hana ubaguzi, huchoma vyama vyote." Hata yeye hajui nampigia nani, na ameacha kuuliza.

Sikuzaliwa hivyo. Nilikuwa mwanafunzi Budapest, kijana wa miaka kumi na tisa, niliponaswa na siasa na historia kama Tuva alivyonaswa sasa, na vuli ile wananchi walipoinuka dhidi ya serikali nilitoka kwenda kuandamana na wenzangu, na mama yangu alisimama mlangoni, hakunizuia, alisema tu, "Funga vifungo vya koti." Nilifunga. Haukupita muda vifaru vya jeshi la kigeni vikawa vimeingia mjini, rafiki yangu aliyekuwa akihutubia vizuri kuliko sisi wote akawa gerezani kwa sababu watu walilikumbuka jina lake, na mimi ambaye sikuwa na ufasaha wa kukumbukwa nikavuka mpaka kwa miguu, matope hadi magotini, na mama sikumwona tena. Katika yote hayo nilijifunza somo moja, nikalishika hapa kwenu kwa maisha yangu yote: jina lako lisibandikwe ukutani.

Sasa sikia. Mwezi wa nane tulikuwa bustanini kwa binti yangu tukila kamba wa ziwani, tumevaa zile kofia za karatasi kama desturi ilivyo, na Tuva akanigeukia kofia yake ikiwa imekaa upande.

"Babu, nimekuandalia jambo."

"Jambo gani tena?"

"Mdahalo. Jumamosi ya kabla ya uchaguzi, pale sokoni penye vibanda vya vyama. Vijana na wazee. Hoja ni kwamba mtu wa miaka kumi na saba apige kura. Mimi nasema apige."

"Vizuri sana. Na nani anasema asipige?"

"Wewe."

Nilikuwa na gando la kamba mdomoni, kwa hiyo nilichelewa kujibu, na kuchelewa kwangu akakuchukua kuwa ni ndiyo.

"Sijakubali," nikamwambia.

"Najua. Ndiyo maana sikukuuliza."

Barbro alicheka hadi kofia yake ikadumbukia kwenye bakuli.

"Tafuta mwingine, Tuva. Mchukue mchungaji."

"Mchungaji atanihurumia. Wewe hunihurumii hata kwenye karata."

"Mimi sizungumzi siasa mbele ya watu."

"Lakini unazisoma kutwa! Babu, wewe ni kama mtu aliyenunua viatu akavipanga kabatini, kila siku anavipiga rangi, na nje haendi."

Nilidhani ni utani wa mezani. Asubuhi iliyofuata nikaenda kununua mkate, na pale mlangoni pa duka pana bango, na kwenye bango pana jina langu, la kwanza na la ukoo, kwa wino mwekundu. Mwoka mikate akaniambia kwa furaha, "Mzee, nasikia mjukuu atakuchapa!" Nilirudi nyumbani bila mkate. Magoti yalikuwa yakinitetemeka, Bi Gunvor, nami nilijiona mpumbavu kutetemeka mbele ya bango lenye picha ya kikombe cha kahawa, lakini magoti hayasomi picha.

Nikampigia simu Tuva nikamwambia siendi. Akasema, "Sawa, usije. Nitaweka kiti chako pembeni yangu, na kadi yenye jina lako, halafu nitabishana na kiti. Kiti angalau hakimkatizi mtu maneno." Kisha sauti yake ikaacha mzaha. "Babu, nimesoma kila kitu kuhusu vuli ile ya kwenu. Kila kitu isipokuwa wewe."

Basi nishauri. Nikienda na kumshinda mbele ya mji mzima, naogopa nitauzima moto nilioupuliza mwenyewe. Nikimwachia ashinde atanijua, maana hunijua hata nikimwachia karata. Nisipokwenda ni kile kiti. Na tena, siwezi kusimama nikasema kwamba mtu wa miaka kumi na saba bado ni mtoto, mimi ambaye katika miaka kumi na tisa nilijiona mtu mzima kuliko ninavyojiona leo. Nimefikiria kujifanya mgonjwa. Barbro anasema nikijilaza kitandani, Tuva atauhamishia mdahalo chumbani, na yeye atapika kahawa ya watazamaji.

Nifanyeje?

Mwenye Karatasi Zote

*

Bi Gunvor anajibu:

Mwenye Karatasi Zote, umejitahidi kuficha jina lako kwenye barua, nami nitalinyamazia kwa sababu ya adabu tu. Mimi pia hununua mkate duka hilohilo.

Usijifanye mgonjwa. Mkeo amekwisha kukueleza matokeo yake, na kwa namna unavyomweleza, yeye ndiye mtu mwenye akili kuliko wote nyumbani kwenu. Ungemwandikia yeye ungeokoa stempu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili niliweka kikombe chini pale mama yako aliposimama mlangoni. Pole, mzee wangu. Hofu yako si ya kijinga. Ilikuvusha matope ya mpakani ukiwa hai, na kitu kilichokuvusha hakidharauliwi. Lakini tuambizane ukweli: unaandika kana kwamba unamwogopea Tuva, na Tuva hana la kuhofia pale sokoni zaidi ya mvua na nyigu wa mkeo. Unayemwogopea ni kijana wa miaka kumi na tisa. Huyo alikwisha kuvuka, akapata kazi, akaoa, akazeeka. Mwambie amefika.

Sasa nikukaripie kidogo. Umempa mtoto atlasi, ukampa rafu nzima, ukacheka alipomfanya diwani aombe maji, halafu swali lilipofika kwako ukarudi nyumbani bila mkate. Haiwi hivyo. Huwezi kumfundisha mtu kupiga hodi kisha ukashangaa akigonga kwako. Huyu binti hatafuti mtu wa kushindana naye. Wa kushindana nao wamejaa shuleni kwake. Kasoma kila kitu isipokuwa wewe. Amekwambia wazi kabisa, na wewe umeandika kurasa nzima ukiuliza habari za kushinda na kushindwa.

Hata hivyo Tuva naye ana kosa, na usilimeze kwa mapenzi ya babu. Kubandika jina la mtu hadharani bila kumwuliza, tena jina la mtu kama wewe, si mzaha. Hajui alichofanya, kwa sababu hukumwambia. Basi mwite. Mkalishe karibu na ile atlasi, umweleze habari za rafiki yako aliyekumbukwa jina, umweleze na magoti. Mwambie kwamba anayetaka kuongoza watu huanza kwa kuwauliza. Hilo ni somo la kwanza la siasa, na wako madiwani ambao bado hawajalifikia. Akiomba radhi, pokea upesi, usimfanye arudie.

Kisha mtume dukani akaling'oe bango lile.

Naam, alibandue, akuletee mezani. Lala nalo siku moja. Na kama unaweza, nami nadhani unaweza, chukua gundi yako mwenyewe, nenda kwa miguu yako mwenyewe, ukalibandike tena mahali palepale. Jina ni lilelile na wino ni uleule. Lakini safari hii mkono ni wako, na nataka uone tofauti yake ndani ya magoti. Ukifika dukani na mkono ukakataa, rudi nyumbani. Hakuna atakayekulaumu, na Tuva akiisha kukusikia hataweka kiti kitupu. Ila nunua mkate.

Kuhusu hoja yenyewe: usiseme usichokiamini. Hukulazimishwa kudai kwamba mwenye miaka kumi na saba ni mtoto. Simama useme unachokijua wewe peke yako pale sokoni, kwamba sauti ina gharama, na kwamba ulitamani mtu angewapa wewe na wenzako muda zaidi kabla ya kuwadai gharama hiyo. Yeye atajibu kwamba gharama hailipwi na wazee peke yao, kwa hiyo naye ahesabiwe. Atakuwa na haki, na wewe utakuwa na haki, na hapo watu wa Hedtorp watasahau kahawa yao hadi ipoe, jambo ambalo sijaliona tangu nianze kuishi hapa. Usimwachie. Mbishie kama unavyomchezea karata. Moto wa mtoto kama huyu hauzimwi kwa kupingwa, unazimwa kwa kupuuzwa. Akikushinda kwa haki, piga makofi wa kwanza, tena kwa nguvu, maana nusu ya alichokushinda nacho kilitoka kwenye rafu yako.

Na zile karatasi? Endelea kuzichukua zote. Ni haki yako, na usikubali mtu akwambie kwamba ujasiri ni kujitangaza. Barbro aendelee kukisia. Ndoa ndefu inahitaji kitu cha kukisia. Ila mwaka huu nenda kituoni na Tuva, maana hana kura lakini ana macho, na mkirudi mpe kiberiti awashe jiko yeye. Sasa atajua anachoma nini.

Limebaki moja. Asubuhi za mwezi wa tisa zimeanza kuwa na baridi, na pale sokoni upepo hupita katikati ya vibanda. Kabla hamjapanda jukwaani, mtazame mjukuu wako. Kama ninavyowajua vijana wa mji huu, koti lake litakuwa wazi.

Unajua la kumwambia.