Mfupa Nyuma ya Sikio la Baba

Nyumbani,
Chumba cha mbele,
Jumamosi, 14 Juni.

Mpendwa kaka,

Hujambo huko ugenini? Kifua je, kimepona au bado unakohoa kama pikipiki ya zamani? Sisi tu wazima. Mama analalamikia magoti, lakini bado anatutimua jikoni, kwa hiyo usimhofie.

Ujumbe wako niliupata. Unasema hutapiga tena simu nyumbani, kwa kuwa tangu uache karakana ya Baba ukaondoka, yeye akipewa simu anaiweka sikioni, anakaa kimya, kisha anamrudishia Mama. Uliniumiza, maana hata mimi niliamini amekununia. Nimekupigia hupokei, ndiyo maana naandika. Soma mpaka mwisho, usiruke kama kawaida yako.

Mwezi uliopita gari la mteja lilikuwa linarudi nyuma pale karakanani, honi zinalia, na Baba kaligeuzia mgongo tu. Nusura limgonge. Unajua msemo wa Mama, sikio la kufa halisikii dawa. Safari hii akalikokota sikio lenyewe hadi hospitali.

Daktari ni dada mmoja mcheshi. Alichukua chuma chenye meno mawili, akakigonga gotini kikatetemeka, akakisogeza karibu na sikio la Baba. Baba akamtazama kama mtu anayesubiri kuhudumiwa. Kisha daktari akakandamiza kitako cha chuma kwenye mfupa nyuma ya sikio. Baba akaruka!

"Nani kawasha mashine?"

Hapo nikauliza maswali mpaka Mama akanifinya. Kumbe vifupa vidogo ndani ya masikio yake vimekakamaa, sauti ya hewani haipiti, ila huko ndani kabisa hakuna hitilafu. Mtikisiko ukipitia kwenye fuvu unafika vizuri. Daktari akaniambia hata picha ya mtoto tumboni hutokana na mwangwi wa sauti tusiyoweza kuisikia, na ipo mashine inayovunja mawe ya figo kwa mapigo ya sauti, bila kisu. Mimi nilidhani sauti kazi yake ni umbea tu! Hebu gonga uma mezani, kisha ng'ata mpini wake, uone. Nimejaribu juzi, Mama akauliza kama nimechanganyikiwa.

Na ile bisibisi ndefu ya Baba, unaikumbuka? Ncha kwenye injini, mpini nyuma ya sikio, macho kayafumba. Sisi tulisema ni mbwembwe za uzee, na wateja walikuja kutazama. Kumbe injini alikuwa anazisikia kwa mfupa, ndiyo maana kazi haikuharibika na hakuna aliyemshtukia.

Sasa amepewa kifaa kidogo cha kufunga kichwani kwa mkanda, kinachotikisa mfupa huohuo. Akikivaa anafanana na mtu aliyeanza kufunga kilemba akaghairi. Kitu cha kwanza alichosikia ni Mama akinung'unika jikoni. Akasema, "Kumbe huwa unasema yote hayo?" Siku hizi Mama ananung'unikia uani.

Jana nikamsomea ujumbe wako. Aliinamisha kichwa, akawa anaufungua na kuufunga mkanda.

"Nilijua masikio yamepungua," akasema, "ila mama yenu akifoka nilikuwa namsikia. Kwenye simu sikusikia kitu. Nikajua mwanangu bado ana hasira, hataki kunisemesha."

Kaka, nilikwenda kulia bafuni. Muda wote huo mmeshika simu, kila mmoja akimsubiri mwenzake!

Shangazi anakusalimu sana. Mdogo wetu wa mwisho naye, na jirani fundi cherehani, ambaye bado anauliza kama umeoa. Mola akulinde na akupe riziki isiyokuchosha.

Ukiipata barua hii, piga. Baba ameiweka simu mezani mbele yake, na amesema asiipokee mtu mwingine.

Ni mimi dada yako mdogo, nikupendaye na ukaidi wako wote.