Msumeno Ulipopita Malya

Baba Kulwa,

Shikamoo yako leo sikupi. Nikitulia nitakupa, lakini leo nina hasira na wewe, hasira niliyoilea tangu siku tuliyokuzika. Anayeandika ni mjukuu wako Neema, maana mimi kalamu unajua sikuwahi kuishika. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinitengenezee maneno. Ameshaanza kucheka. Andika, Neema.

Wamekata reli yako.

Ile reli ndogo uliyoijenga sebuleni miaka yote ile, kutoka Mwanza mpaka Tabora, juu ya ubao mrefu kuliko kitanda. Wameikata vipande vitatu. Siku ya kuondoa tanga wazee wa ukoo walikaa, wakagawa koti lako, jembe, baiskeli, redio. Mdogo wako Masanja akanyoosha kidole, "Na hii je?" Nikasema hiyo ni ya Neema, babu yake alishasema. Wakaniuliza, alisema mbele ya nani?

Mbele ya nani, Baba Kulwa? Uliniambia mimi, jikoni, huku unatafuna kiazi! Maneno ya jikoni kwa wazee ni moshi tu. Mila za kwenu unazijua. Ulishindwa nini kuita wazee wawili, ukawapa togwa, ukasema hii ni ya Neema? Kila siku kesho. Kesho, nikimaliza daraja. Kesho, nikipaka rangi. Na kifua kinakuuma wiki mbili unanidanganya ni baridi ya ziwani.

Basi wakasema ni mali ya marehemu, igawanywe kwa haki. Haki! Spoku za baiskeli ulizozilaza kuwa reli wakazikata kwa koleo lako mwenyewe, ubao wakaupiga msumeno. Na aliyeshika upande wa pili ubao usitikisike ni Kulwa, mwanao. "Mama, ndiyo mila." Mila gani inayokata treni? Kipande cha Mwanza wakaniachia mimi. Cha katikati akapewa dada yako Kabula. Tabora akabeba Masanja. Na mkato wa pili ulipita Malya, katikati ya stesheni.

Malya, Baba Kulwa. Kati ya stesheni zote.

Wewe ulikuwa kijana wa genge la reli, unagonga misumari kwenye mataruma, mimi nauza mayai ya kuchemsha dirishani kwa abiria. Ukanunua yai moja, ukalila taratibu mpaka treni inaanza kuondoka. Ndiyo maana kwenye reli yako uliniweka pale Malya, mwanamke wa nta mwenye sinia kichwani, kimo cha nusu njiti ya kiberiti. Watu walikuwa wanakuja kutazama, wewe unawaonyesha, "Huyo ni Mama Kulwa, ananisubiri." Nikisubiri nini, wakati chai imepoa na wewe umelala kifudifudi unachungulia behewa la kopo la maziwa!

Halafu watu wanasema reli ya mzee. Ya mzee peke yake? Mataruma nani alikata? Viberiti vingapi nimevikata njiti nusu kwa nusu mpaka vidole vikawa na malengelenge? Ulinipa kipimo, punje moja ya mchele ni hatua moja ya mtu mzima, na ole wangu nikikosea punje. Mawe ya Mwanza, yale makubwa ya kando ya ziwa, ni mimi niliyeyafinyanga kwa magazeti na uji wa muhogo, nikayapaka majivu. Miti ni dodoki langu la kuogea, nikalichovya rangi ya kijani ya kutia ukili. Kokoto ni mchanga wa ziwani niliouchekecha kwa chujio la chai, na chai yako ukawa unainywa na mchanga. Lakini reli yenyewe? "Acha, Mama Kulwa, utaipinda." Miaka yote ile sikugusa spoku hata moja. Hiyo nayo inaniuma, na leo nakwambia.

Sasa sikiliza nilivyofanya. Nilianza Usagara kwa wifi yangu Kabula. Namkuta ameweka kipande chake juu ya banda la kuku, eti kinazuia mvua. Stesheni ya Fela imejaa kinyesi. Malya, ile nusu aliyopewa, yule mwanamke hayupo. Kuku wamenidonoa, Baba Kulwa. Kuku wa dada yako wamenila mimi na sinia langu! Kabula akaona aibu, akanifungia ubao kwa kanga yake mpya, nikamwambia wabeja, asante. Sina neno naye tena. Neno dogo tu.

Masanja ndiye mwenye shingo ngumu. Nimemfuata Busisi. Siku hizi panavukwa kwa daraja, unapita juu ya maji kama unakwenda sokoni, sisi tuliokuwa tunashinda Kigongo tunasubiri kivuko. Ungeliona ungelia, kisha ungeanza kupima kwa punje za mchele. Tabora yako ameitundika dukani kwake, juu ya sabuni. Ananiambia, "Shemeji, mali ya ukoo ikishagawiwa hairudi." Nikasema sawa. Nikatandika kanga kizingitini, nikakaa. Uji akaleta, nikakataa. Kila mteja anauliza, "Bibi, kulikoni hapo?" Namjibu, "Nasubiri treni ya Tabora." Wanacheka, wanaingia, wanamtazama Masanja. Adhuhuri nimekaa. Alasiri nimekaa. Mjane wa kaka yake, mlangoni kwake, hajala. Jua linaelekea kuzama akaitungua mwenyewe. "Chukua, shemeji, utanitia mikosi." Mikosi alijitia siku ile aliposhika msumeno.

Nikadhani yameisha. Thubutu! Tumeunganisha mbao, Neema akawasha ile mota uliyoitoa kwenye redio kaseti mbovu. Treni inatoka Mwanza vizuri, ikifika kwenye mkato inaanguka. Tunainyanyua, inakwenda, ikifika Malya inaanguka tena. Koleo lilikuwa limeponda spoku, na msumeno nao una ulaji wake, umekula ubao. Kulwa akasema, "Mama, basi, iwe kumbukumbu." Nikamwambia atoke sebuleni kwangu.

Nikachukua tupa yako. Ndiyo, nimeishika. Nikakata zile ncha zilizopondeka, Neema akaleta spoku mpya, tukazipima na kuzilaza. Nikakumbuka ulivyokuwa unasema, reli ya kweli haibanwi chuma kwa chuma, unaiachia upenyo ili joto likija itanuke. Wewe kwenye reli yako hukuacha upenyo, uliunga kwa lehemu ukapiga tupa mpaka panateleza, halafu ukawa unanung'unika, "Treni yangu bubu, haina mlio." Mimi nimeacha upenyo. Unene wa ukucha, kwenye mikato yote miwili. Halafu Neema akawasha.

Ikapita. Na ilipopita Malya ikalia. Ta-tak. Ta-tak. Kila behewa.

Nimekaa chini nikalia hapo hapo, na hasira zangu zote. Maana ulikuwa unautafuta mlio ule miaka yote, na hukuniacha niguse.

Usidhani nimewasamehe kwa sababu imelia. Kulwa bado namjibu nusu nusu. Huko nje wanajenga reli mpya ya mwendokasi, mataruma ya zege, wanasema treni yake itapita kama upepo. Sijui kama italia. Ikianza nitapanda na Neema, na nikishuka nitakuletea habari kaburini.

Kule Malya nimemfinyanga mwanamke mwingine kwa nta ya mshumaa. Huyu nimemkalisha kitako, miguu inamuuma. Na Jumapili hii wazee wote wanakuja, Masanja yumo, togwa ipo tayari. Nitasimama mbele yao niseme kwa mdomo wangu, mimi nikiwa hai, reli hii ni ya Neema, nzima, na atakayeiletea msumeno aanze na mimi. Wewe hukuliweza hilo. Nitakufanyia.

Lala, Baba Kulwa. Shikamoo yako hiyo, pokea.

Mama Kulwa