Bwawa Lililosafishwa Mno

Kasese, Jumanne

Mama yangu, shikamoo. Mimi mzima, kile kikohozi kimeniacha. Goti lako je, bado linakusumbua ukipanda ngazi za kanisa? Niambie kweli, usinifiche kama kawaida yako.

Uliuliza kazi yangu ni kazi gani hasa. Tunakuza mwani, ule mdogo kiasi kwamba jicho huona maji ya kijani tu. Moshi wa tanuri la chokaa tunauleta bwawani kwa bomba, mwani unakula hewa ya ukaa iliyomo, unaongezeka. Tunauchuja, tunaukausha, tunausaga. Unga wake una protini nyingi, huchanganywa kwenye uji wa watoto. Ladha yake, sitakudanganya, ni ya samaki aliyelala.

Wiki jana akina mama wauza unga kutoka Bwera walikuwa waje kuona. Siku moja kabla nilimwambia Mama Akello, mke wa sajenti, mgeni kazini: "Kesho kuna wageni. Nataka bwawa ling'ae." Nikaenda zangu mjini kununua soda. Nilisahau kwamba kambini kwa wanajeshi alikoishi miaka yote, kijani ndani ya tangi ni uchafu, na mkaguzi akiukuta ni balaa. Asubuhi nilikuta bwawa jeupe, maji safi, naye amesimama wima na brashi yake.

"Afande, ile kijani yote nimemaliza. Hata kidogo haiko."

Kila mtu kwake ni afande. Biira, kiongozi wa wageni, aliinama akachungulia, akauliza kwa lafudhi ya kwao:

"Sasa batu ba Bwera bamekuja kuona maji ya kuoga?"

Wenzake wakacheka, wakarudi kwao.

Meneja aliuliza ni nani aliyeumwaga mwani. "Ni mimi, afande," Mama Akello akajibu, asinitaje. Akaambiwa aende, kazi hana tena. Mimi nikatazama viatu vyangu. Nilikuwa nafikiria nyumba niliyopewa kwa usimamizi wangu, na kile chumba cha pili nilichokuahidi. Kisha nikakumbuka ulivyofukuzwa kazi kwenye ile nyumba ya wageni kwa sababu ya mapazia yaliyochujuka, na ulichotuambia jioni yake: "Aliyeniagiza niyafue vile alikuwepo." Mama Akello alikuwa ameshaanza kufungua aproni niliposema agizo lilikuwa langu. Niliona aibu, mama, na bado naona.

Mama Akello amerudi kazini. Msimamizi sasa ni mwingine, mimi nakoroga bwawa. Mbegu ya mwani ilikuwa imebaki kwenye chupa dirishani, tumeanza upya, na maji yamefikia rangi ya mchuzi wa mchicha. Nimehamia chumba kimoja, kwa hiyo safari yako isubiri. Najua ulishanunua sanduku.

Nisalimie dada Neema na wanawe, na mjomba Yakobo fundi baiskeli, mwambie milima huku ni kweli ina theluji, aache ubishi.

Usinihurumie. Nilikuwepo, mama. Nilichelewa kidogo, lakini nilisema.

Mwanao,
Baraka